Wikendi ya kwanza ya dereva mgeni: mbio za magari za klabu huendeshwaje?

Mwezi Desemba 2024 jiji la Kigali lilipokea wageni kutoka pembe zote za dunia, waliofika kwa Mkutano Mkuu wa Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, na kwa hafla ya kuwatunuku mabingwa wa mwaka. Katika mkutano huo Rais Paul Kagame alitangaza kwamba Rwanda inaomba kuwa mwenyeji wa mbio za Formula One, mbio ambazo hazijafanyika barani Afrika tangu zilipofanyika Kyalami, Afrika Kusini, mwaka 1993. Tangu wakati huo swali moja limekuwa likiturudia kutoka kwa wasikilizaji, hasa vijana: mtu wa kawaida, asiye mtoto wa tajiri wala wa bingwa, huanzia wapi?

Jibu lake ni fupi, ingawa maelezo yake ni marefu. Huanzia katika klabu. Huko hakuna mishahara, hakuna kamera za televisheni, na mara nyingi watazamaji ni jamaa za madereva wenyewe. Ili kueleza jinsi mambo yanavyokwenda, makala haya yanafuata siku mbili za dereva mmoja aliyeshindana kwa mara ya kwanza. Ni binamu yangu, mtoto wa shangazi, mwenye umri wa miaka 27, anayeishi na kufanya kazi Uingereza. Ameomba jina lake lisitajwe, na sababu yake msomaji ataiona.

Miaka sita iliyopita, kabla hajahama, alishindana usiku na mwenzake katika barabara ya lami nje ya mji. Gari lake liliacha njia na kuingia mtaroni. Yeye alitoka mzima, lakini rafiki yake aliyekuwa ameketi kando yake alivunjika mguu, na mpaka leo anachechemea. Tangu usiku ule shangazi hajapanda gari linaloendeshwa na mwanawe. Basi binamu yangu aliponipigia simu kuniambia kwamba amejiandikisha katika mbio za magari, sikujua nimpongeze au nimkemee. Aliniambia, "Dada, kasi ninayo mwilini, siwezi kuikana. Nimetafuta mahali pa kuiweka."

Klabu ni nini?

Uingereza ni miongoni mwa nchi ambazo mchezo huu umeota mizizi mirefu katika klabu. Klabu ni chama cha wanachama wanaolipa ada, kinachokodi uwanja wa mbio kwa siku moja au mbili, kinachotunga kanuni za magari yatakayoshindana, na kinachoomba kibali kwa Motorsport UK, chombo kinachosimamia mchezo huo nchini humo.

Mfano mmojawapo ni klabu iitwayo 750 Motor Club, iliyoanzishwa mwaka 1939 kwa ajili ya wamiliki wa gari dogo na la bei nafuu la Austin 7. Katika mbio zilizokusudiwa watu wenye mifuko midogo, kijana aitwaye Colin Chapman alikuja kushindana mapema katika miaka ya 1950 kwa gari alilojiundia mwenyewe. Kampuni yake, Lotus, ilitwaa ubingwa wa dunia wa Formula One mwaka 1963. Si kila anayeanza katika klabu hufika huko. Ukweli ni kwamba karibu wote hawafiki, wala hawakukusudia kufika. Wengi ni mafundi, walimu, wauguzi na madereva wa malori ambao Jumatatu hurudi kazini.

Binamu yangu alichagua mbio za magari ya aina moja tu: Mazda MX-5 za zamani, gari dogo la viti viwili ambalo injini yake huzungusha magurudumu ya nyuma. Katika mbio za aina moja, kanuni huzuia kuongeza nguvu za injini na hulazimisha wote kutumia matairi ya namna moja. Shabaha yake ni kupunguza uwezo wa fedha kumnunulia mtu ushindi, ili tofauti kubwa ibaki kuwa dereva.

Leseni kabla ya kasi

Leseni ya kawaida ya udereva haitoshi. Anayetaka kushindana kwenye uwanja wa mbio hupaswa kuthibitisha kwamba afya na macho yake yanamruhusu, kisha kwenda kwenye shule ya udereva wa mbio iliyotambuliwa, ambako hupewa mitihani miwili.

Mtihani wa kwanza ni wa maandishi. Katika maswali mengine mtu anaweza kukosea kidogo akasamehewa, lakini katika sehemu ya bendera hakuna msamaha: atakayekosa bendera moja ameanguka. Mtihani wa pili hufanyika uwanjani, mkufunzi akiwa kando ya dereva. Binamu yangu alidhani atapimwa kwa kasi. Mkufunzi alimwambia mapema kwamba saa haitatazamwa. Kilichopimwa ni kama anarudia njia ile ile kila mzunguko, kama anatazama vioo, na kama anajua kilichopo mbele yake kabla ya kukifikia.

Baada ya leseni huja vifaa. Dereva huvaa ovaroli, glavu na viatu visivyoshika moto haraka, pamoja na helmeti yenye alama ya kuidhinishwa. Mabegani huvaa kola ngumu inayofungwa kwenye helmeti, ili gari likigonga, kichwa kisirushwe mbele na kuivunja shingo. Kola hiyo ilibuniwa katika miaka ya 1980 na profesa wa Kimarekani, Robert Hubbard, akishirikiana na shemeji yake Jim Downing, aliyekuwa dereva wa mbio. Formula One iliifanya kuwa lazima mwaka 2003. Leo hata dereva wa klabu anayeshika nafasi ya mwisho haruhusiwi kuanza bila kinga ya namna hiyo.

Ndani ya gari viti vya kawaida huondolewa, kikawekwa kiti kimoja kinachombana dereva ubavuni. Huongezwa kizimba cha mabomba ya chuma kinachozuia paa lisimwangukie gari likipinduka, mkanda wenye ncha sita, kizima-moto, na swichi ya kukata umeme wote, inayoweza kuvutwa hata na mtu aliye nje.

Mwishoni, mgeni hubandika nyuma ya gari lake mraba wa manjano wenye msalaba mweusi. Alama hiyo huwaambia wanaomfuata: huyu ndiye anaanza, mpe nafasi, usitarajie afanye utakalo wewe. Binamu yangu alikiri kwamba aliona haya kuibandika. Kufikia Jumamosi jioni alikuwa akiishukuru.

Jumamosi asubuhi: utepe wa manjano

Mbio zake zilifanyika Brands Hatch, katika jimbo la Kent, yapata kilomita 30 kusini-mashariki mwa London. Ni uwanja wenye historia: kati ya 1964 na 1986 mashindano ya Formula One ya Uingereza yalifanyika hapo mara 12. Klabu nyingi hutumia njia yake fupi, yenye urefu wa chini kidogo ya kilomita mbili. Kwenye tiketi na mabango ya viwanja vya nchi hiyo huandikwa onyo la wazi kwamba michezo ya magari ni hatari, na anayeingia lango amekubali kulijua hilo.

Kazi ya kwanza haikuwa kuendesha, bali kupanga foleni. Wakaguzi wa magari, ambao ni watu wa kujitolea wenye ujuzi wa ufundi, hupita kila gari wakiwa na tochi na orodha. Husoma tarehe ya mwisho kwenye lebo za mikanda, hutikisa kiti, huvuta swichi ya umeme waone kama injini inazimika, huwasha taa ya nyuma inayotumika wakati wa mvua. Kelele za bomba la moshi nazo hupimwa, kwa sababu viwanja vina majirani.

Gari la binamu yangu lilikataliwa. Kosa lilikuwa dogo mno hata akadhani anataniwa: waya wa betri uendao kwenye bodi ya gari haukuwa na alama ya manjano. Kanuni huudai utambulike haraka, ili mwokoaji mwenye koleo mkononi asipoteze muda kutafuta waya wa kukata huku dereva amenaswa ndani. Muda wa ukaguzi ulikuwa unayoyoma, na yeye hakuwa na utepe wa manjano.

Aliyemwokoa ni mtu aliyeegesha gari kando yake, mzee wa makamo ambaye angeshindana naye saa chache baadaye. Alifungua sanduku lake, akampa utepe, akarudi kwenye chai yake. Binamu yangu alisema jambo hilo lilimshangaza kuliko mbio zenyewe. Katika mashindano ya usiku aliyoyajua, kushindwa kwa mwenzako kulikuwa faida yako. Huku, gari lililobaki nje ya uwanja ni hasara ya wote, maana bila magari ya kutosha hakuna mbio, na ada hazilipi kodi ya uwanja.

Lugha ya bendera

Kabla ya kuingia uwanjani wageni wote waliitwa na msimamizi mkuu wa mbio. Aliwaeleza mambo matatu: wapi pa kuingilia na kutokea, nini cha kufanya gari likiharibika, na bendera. Ndani ya helmeti, injini ikinguruma, dereva hasikii mtu akipaza sauti. Ingawa siku hizi taa hutumika pia, bendera ndiyo sauti ya uwanja, na maana zake ni karibu zile zile duniani kote.

Bendera ya manjano inayopeperushwa humaanisha hatari: punguza mwendo na usimpite mtu. Zikipeperushwa mbili pamoja, hatari ni kubwa na njia huenda imezibwa. Uwe tayari kusimama. Ya kijani huashiria kwamba hatari imekwisha. Ya bluu humwambia dereva kwamba nyuma yake kuna mwenye kasi zaidi. Ya manjano yenye mistari myekundu ni onyo la utelezi, pengine mafuta yamemwagika. Nyeupe humaanisha kuna gari linalokwenda polepole mbele. Nyekundu husimamisha mbio. Nyeusi ikiambatana na namba ya gari humwita dereva huyo atoke uwanjani, na nyeusi yenye duara la rangi ya chungwa humjulisha kwamba gari lake lina hitilafu inayohatarisha. Ya miraba myeusi na myeupe, ambayo wengi wanaijua, hufunga mbio.

Wanaozishika ni wasimamizi wa njia, wenye mavazi ya rangi ya chungwa, waliopangwa katika vituo kuuzunguka uwanja. Katika mbio za klabu huwa hawalipwi mshahara. Husimama juani na mvuani kutwa nzima, na gari likipata ajali ndio wa kwanza kulikimbilia. Bendera ya manjano, kwa maneno mengine, mara nyingi humaanisha kwamba mbele yako kuna mtu anayetembea kwa miguu.

Mizunguko mitatu

Jumamosi mchana ilikuwa zamu ya majaribio ya kupanga nafasi za kuanzia. Dereva hupewa yapata robo saa. Mzunguko wake wa haraka kuliko yote ndio unaompa nafasi. Lakini kuna sharti jingine: asiyemaliza mizunguko mitatu hajafuzu.

Kona ya kwanza ya Brands Hatch huitwa Paddock Hill. Hupinda kulia, na katikati yake ardhi huporomoka ghafla kama mtu anayeshuka kilima kwa kuruka, hata anayeingia haoni anakotokea. Katika mzunguko wa pili binamu yangu aliingia kwa kasi kuliko alivyozoea. Gari lilipoanza kushuka hofu ilimshika, naye akafanya kile ambacho mguu wa kila mtu hutaka kufanya: akaachia mafuta.

Hapa panahitaji maelezo. Gari linapoachiwa mafuta ghafla, uzito wake huhamia mbele. Magurudumu ya mbele hukandamizwa na kushika lami zaidi, ya nyuma huwa mepesi na kupoteza mshiko. Katika barabara iliyonyooka hilo halionekani. Katikati ya kona, sehemu ya nyuma huteleza nje na gari huzunguka kama pia. Ndivyo ilivyokuwa. Alisimama kwenye majani, pua ya gari ikitazama alikotoka, injini imezimika.

Aliniambia kwamba sekunde zile zilikuwa ndefu. Alikuwa amemaliza mzunguko mmoja tu. Akiba ya miaka mitatu ilikuwa ndani ya lile gari. Mbele yake aliona bendera za manjano zimeinuliwa, na magari mengine yakishuka kilima kumwelekea. Mara ya mwisho gari kumgeukia namna ile ilikuwa usiku, na hapakuwa na mtu wa kuwaonya waliokuwa wakija nyuma.

Msimamizi aliye kituoni alimwonyesha kiganja: subiri. Magari yakapita, yamepunguza mwendo, hakuna aliyempita mwenzake. Kisha mkono ukamwita. Injini ikawaka. Akarudi njiani taratibu, akamaliza mizunguko mingine sita bila kuvuka uwezo wake, akapewa nafasi ya 27 kati ya magari 29.

Alifanya kosa jingine ambalo halikuonekana kwa watazamaji. Kila alipooneshwa bendera ya bluu alikwepa ghafla pembeni, akidhani huo ndio uungwana. Baadaye yule mzee wa utepe alimfuata na kumweleza kwa upole kwamba alikuwa akiwatisha watu. Kwa kawaida mwenye kasi ndiye anayetafuta njia ya kupita. Mwenye mwendo mdogo anatakiwa kushika njia yake ile ile na kutabirika. Uwanjani adabu ni kufanya kile ambacho wengine wanatarajia ufanye.

Dakika 15

Mbio zenyewe zilianza alasiri. Magari hufanya mzunguko mmoja wa kupasha matairi joto, hupanga safu, kisha taa nyekundu huwaka. Zikizimika, mbio zimeanza.

Kutoka nyuma kabisa binamu yangu aliona vumbi, moshi wa matairi na taa za breki za watu 26. Shauri alilopewa lilikuwa kuacha nafasi kwenye kona ya kwanza, na alilishika. Walipofika mzunguko wa tano alikuwa amempata dereva mmoja aliyekuwa akichelewa kona baada ya kona. Walipopanda kuelekea kona kali iitwayo Druids, mtu yule alikosea kidogo na upande wa ndani ukabaki wazi kabisa.

Wakati huo huo, juu ya kilima, bendera mbili za manjano zilikuwa zikipeperushwa.

"Dada, nafasi ilikuwa inaniita," alinisimulia kwa ujumbe wa sauti usiku ule. "Nilijua kwamba nikichelewa nusu sekunde imepotea. Nikafunga breki." Walipoizunguka kona waliona gari lililogeuka ubavu, na kando yake wasimamizi wawili wa mavazi ya chungwa wakilisukuma kutoka njiani. Upande ule wa ndani, ambao angeupita, ndio waliokuwa wamesimama.

Mbio ziliendelea. Hakumpata tena yule dereva. Bendera ya miraba ilipoonyeshwa alikuwa wa 22 kati ya magari 25 yaliyomaliza. Magari yakaingizwa katika eneo lililofungwa, ambako hakuna fundi anayeruhusiwa kuyagusa mpaka wakaguzi wamalize kuyapima. Binamu yangu alibaki ndani ya gari lake dakika kadhaa kwa sababu mikono yake ilikuwa ikitetemeka mno kuweza kufungua mkanda.

Jumapili yake mvua ilinyesha. Katika njia iliyolowa, mafuta na mpira ulioachwa na matairi hufanya ile njia ya kawaida ya mbio kuwa telezi, na wenye uzoefu huzungukia upande wa nje ambako lami inakwaruza. Binamu yangu hakuwa na ujuzi huo. Alichojifunza ni kwamba katika mvua kila kitu, breki, usukani, mafuta, hufanywa polepole kama mtu anayemimina uji moto. Alimaliza wa 20. Hakuzunguka hata mara moja.

Inagharimu nini?

Msomaji asidanganyike kwamba mchezo wa bei nafuu ni wa bure. Ada ya kuingia katika wikendi moja ya klabu huwa mamia kadhaa ya pauni, na gari lililo tayari kwa mbio hugharimu maelfu. Kuna leseni, matairi, mafuta, na usafiri wa kulifikisha gari uwanjani. Jambo ambalo wageni wengi hulisahau ni kwamba bima ya kawaida ya gari haigusi ajali ya uwanjani. Ukiligonga, ni lako. Ndiyo maana madereva wa klabu hurudia ushauri mmoja: usishindane kwa gari ambalo huna uwezo wa kulipoteza.

Lakini kuna njia ya kuingia ambayo hailipiwi. Klabu huhitaji wasimamizi wa njia na wakaguzi, huwafunza, na huwapa nafasi ya kuwa karibu na magari kuliko mtazamaji yeyote. Madereva kadhaa wazuri walianza kwa kushika bendera, na wanasema waliona makosa mengi ya wengine kabla ya kuyafanya yao.

Na huku kwetu?

Eneo letu halikosi historia. Safari Rally ilianza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na baada ya kutoweka katika ubingwa wa dunia kwa muda mrefu ilirejea mwaka 2021 huko Naivasha. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda na kuiwakilisha Kenya, aliishinda mara tano. Uganda ina Pearl of Africa Rally na Rwanda ina Mountain Gorilla Rally, zote zikiwa zimekuwamo katika kalenda ya ubingwa wa Afrika.

Tofauti ni kwamba huku mchezo umekua zaidi kwenye barabara za vumbi kuliko kwenye viwanja vya lami. Ngazi ya kwanza kwa mgeni, kwa hiyo, ni tofauti kidogo. Nchini Kenya wengi huanzia kwenye autokrosi: njia fupi ya udongo iliyotengwa uwanjani, ambako dereva hushindana na saa, na ambako kuna hata madaraja ya watoto. Kwa kuwa magari hayabanani bega kwa bega kama kwenye mbio za lami, gharama na hatari hupungua. Wengine huanza wakiwa wasoma ramani katika kiti cha kando kwenye rali, wakajifunza njia na nidhamu kabla ya kushika usukani. Anayetaka kuanza aulize kwanza klabu au shirikisho la nchi yake linalotambuliwa na FIA. Shindano lisilo na kibali, lisilo na gari la wagonjwa na lisilo na wasimamizi wa njia halistahili kuitwa mbio.

Suala hili si la mchezo tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, na ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Polisi ya Rwanda ilianzisha kampeni ya Gerayo Amahoro mwaka 2019 kwa sababu hiyo hiyo, na katika nchi zote za eneo hili wapo vijana ambao usiku huigeuza barabara ya watu wote kuwa uwanja wao. Kuwakataza ni lazima. Lakini anayekatazwa bila kuonyeshwa mahali pengine husubiri tu askari aondoke.

Nilimuuliza binamu yangu kama wikendi ile imemwongezea uchu wa kasi barabarani. Alicheka. Alisema amekuwa dereva wa kuchosha: huacha nafasi kubwa mbele yake, hutazama vioo kila mara, na wenzake wa kazini humwita mzee. "Uwanjani nina kizimba, mkanda wa ncha sita, na watu wenye bendera kila kona," alisema. "Barabarani sina hata kimoja. Nitakimbiliaje huko?"

Mwezi uliopita alikuja likizo. Siku ya kurudi uwanja wa ndege alikodi gari, na shangazi akasimama kando yake kwa muda, mkoba mkononi, bila kusema neno. Kisha akafungua mlango wa nyuma, akaketi, akafunga mkanda, na kumwambia, "Twende, mwanangu. Ila mimi ndiye bendera ya manjano."